Msitu wa Nyabera na Karatasi ya Soda

Alhamisi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Lambwe tangu asubuhi, na hayajaamua kama yatanyesha au la. Mimi nimechoka, lakini ni ule uchovu mzuri wa mtu aliyemaliza kufua nguo za nyumba nzima.

Nyinyi mnaonisoma hapa, kuna jambo nimewaficha. Wacha nilitoe.

Mnajua habari za msitu wa kilima cha Nyabera. Ni wa umma, na kampuni moja inataka kuununua, ikate miti ya asili, ipande mikaratusi na kuzungusha waya. Wiki iliyopita niliandika hapa kwa hasira nikiuliza ni wajinga gani hao wanaosemekana wamekubali. Basi nimewapata. Wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Ndiyo. Mimi.

Mkutano wa kwanza, jamaa wawili wa ofisi ya ardhi walituita kwa chifu tuongee "maendeleo". Walituonyesha picha, wakaongea weee, na neno kuuza halikutajwa hata mara moja. Kisha ikaletwa karatasi. Huku kila mkutano uko hivyo, uwe wa kuku au wa vyandarua: unaandika jina na nambari ya kitambulisho, unatia sahihi, unachukua soda na mkate wako. Hakuna anayesoma kilichoandikwa juu. Nani ana wakati huo, na kijiji kizima kinakusukuma mgongoni?

Mbaya zaidi, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama wenye mizinga ya nyuki mle msituni. Nina mwandiko mzuri na ninajipenda kwa hilo. Kwa hivyo nilikaa pale mezani nikawaandikia wasiojua kuandika, nikawashika vidole gumba mmoja mmoja na kuvichovya kwenye wino. Mama mkwe wangu nilimshika mwenyewe. Nilimwambia, "Bonyeza hapa, Mama, upate soda yako."

Jumatatu tangazo likabandikwa kwa chifu. Wakazi wameridhia msitu uuzwe, na sahihi zao hizi hapa. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu mzuri. Pale juu, kwa Kiingereza cha herufi ndogo kama chawa, palisema sisi tuliotia sahihi tumekubali. 

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Siku mbili nilikaa kwenye cherehani nikishona sare za shule, na shati moja nililitia mikono miwili ya kushoto.

Niliogopa kwa sababu mimi si wa huku. Nimeolewa kutoka Ntimaru, na miaka yote hii bado jina langu ni Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Mambo ya ardhi yakizungumzwa, mke aliyetoka mbali husikiliza tu, tena akiwa amekaa nyuma.

Halafu kuna Odhiambo, mdogo wa mume wangu. Yeye anataka msitu uuzwe, na si mtu mbaya. Ana diploma ya umeme, na kazi hana. Kampuni imewaahidi vijana kazi. Anasema msitu umekuwa wa umma tangu azaliwe na haujawahi kumpa chochote. Mimi asali yangu inamlipia Achieng wangu karo. Ni rahisi kwangu kumwambia Odhiambo avumilie, na hilo limekuwa likinisumbua.

Leo ulikuwa mkutano wa pili. Ofisa akafungua faili, akasema hakuna la kujadili tena kwani wananchi walishakubali. Watu wakaangaliana. Mzee mmoja akauliza, "Nani alikubali?"

 Nikasimama.

Niliongea Kiswahili kwa sababu Dholuo hunitoroka nikiogopa. Nikawaambia karatasi ile niliijaza mimi, sikuisoma, nilidhani ni ya soda. Niliwashika mama zenu vidole. Nisameheni.

Woi, kelele zake! Jamaa mmoja akapaza sauti, "Nyar Kuria, rudi ukauze msitu wa kwenu!" Watu wakacheka. Nilitamani kuketi, niinamishe kichwa na nisiinue tena.

Ndipo Mama mkwe akainuka na fimbo yake. Mama haongei mikutanoni, sijawahi kumsikia. Akamgeukia yule jamaa. "Huyu ni wangu. Amekosea, na amesema. Wewe uliyekunywa soda mbili mbona husemi lako?"

Kumbe alikuwa anamwangalia siku ile! Uwanja mzima uliangua kicheko, ofisa pia. Baada ya hapo watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakisema: Hata mimi sikusoma. Hata mimi. Mwalimu mmoja mstaafu, Kiingereza anakijua vizuri sana, alikiri kwamba hakusoma pia, miwani ilikuwa mfukoni.

Odhiambo aliposimama nilijua nimekwisha. Akasema kazi bado anaitaka, lakini hataki kazi iliyopatikana kwa kumdanganya mama yake. Tujadili upya, kila mtu akijua anachojadili. Kisha akaniangalia. "Na nyinyi wa nyuki, vijana mmewawekea nini?"

Nikaahidi mbele ya wote kwamba kikundi kitawapokea vijana, na mizinga yangu miwili nitawapa waanze nayo. Akina mama wenzangu sikuwauliza kwanza. Watanisema kesho, na wana haki.

Ofisa alisema orodha haifutwi kwa mdomo. Ila waliotia sahihi wakipeleka barua za kupinga katika wiki mbili, uuzaji utasimama hadi watu wasikilizwe upya. Msitu haujaokoka bado. Lakini asubuhi nilikuwa peke yangu na aibu yangu, na sasa tuko kijiji kizima.

Tukirudi nyumbani, Mama aliniuliza, "Kwa hiyo barua pia natia kidole?"

Nikamwambia inaruhusiwa, Mama.

Akasimama katikati ya njia. "Kidole changu hawakipati tena, nyathina. Nifundishe kuandika jina langu."

Nyathina ni mwanangu. Miaka yote hii hajawahi kuniita hivyo, na nililia pale pale njiani bila kujificha.

Mama amepita sabini, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Jina lake ni Auma. Sasa hivi yuko mezani na penseli ya Achieng, anaikandamiza mpaka daftari linatoboka. A ya kwanza imelala ubavu. Ya tatu imesimama yenyewe. U ameshaiweza.

Ananiita, ati niache simu. Wacha niende nikamwonyeshe M.