Kuku ya Mama Constance

Siku ya posho, samedi 23 juin 1951

Virginie amekwenda. Camion ya Kasomeno iliondoka asubuhi, bibi yangu juu ya magunia, anapunga mukono sawa malkia. Agnès wetu anazaa mutoto ya kwanza. Mama yake atabaki kule mupaka kitovu ianguke, na kisha kitovu kuanguka, mupaka yeye mwenyewe achoke. Mwezi moja. Labda mbili.

"Baba Agnès, usikufe na njaa!" Njo neno yake ya mwisho. Camion yote ilicheka.

Mangaribi nilienda ku bar. Bière imepanda tena! Mwenye bar anasema hapana yeye, ni bakubwa ya juu. Nilikunywa chupa moja polepole, sawa dawa. Kurudi nyumbani, nikaona mutungi ya Virginie ku pembe. Na gunia ya mahindi nyuma ya mulango. Mawazo ya shetani haipigake hodi.

Mama yangu alipikaka pombe. Nilimuangaliaka myaka kumi. Miye Stanislas Numbi, capita wa magazini ya chemin de fer, njia ya reli, batumishi makumi ine chini yangu — nitashindwa na mahindi?

Siku ya tatu, 27 juin

Mahindi iko chini ya kitanda, mu gunia yenye maji, inaota. Ninaiangalia asubuhi na mangaribi. Virginie alipokuwa na mimba ya Agnès sikumuangalia vile — Mungu anisamehe.

Kupika pombe mu cité hii ya bantu beusi ni kosa, kila muntu anajua. Mwanaume kupika pombe, ile hata haina jina. Ni kazi ya bamama, sawa kuzaa. Sijui ninaogopa nini zaidi, polisi ao kuchekwa.

Mwongo weye. Unajua. Kuchekwa.

Siku ya Mungu, 1 juillet

Sikuenda ku misa. Faustin alipiga hodi — tunatumika naye, tunaikala naye musitari moja — nikajibu mulango imefungwa: tumbo! Muntu ya banc ya mbele ya kanisa, tumbo!

Basi bote bakaenda, na moshi yangu ikapanda peke yake. Mahindi yenye kuota ilikwisha kukauka juu ya bati. Njo kimea, bila ile pombe haichache. Nikaitwanga, kinu katikati ya magoti sawa bibi kizee. Nikapika uji, nikaiacha ipoe, nikachanganya. Kimea kidogo ilibakia, niliiweka mu kopo. Mikono imejaa malengelenge. Juu ya kuficha harufu nilikaanga kitunguu na mafuta. Sasa nyumba inanuka pombe na kitunguu.

Siku ya tano, 6 juillet

IMECHACHA! Toka kesho yake ya kupika inasema mu mutungi sawa bamama ku soko.

Kichungi sikuipata. Nikachuja na foronya ya muto, ile Virginie alishona « Bonne nuit » na uzi mwekundu. Pombe ilipita muzuri. Foronya, sizani itakuwa nyeupe tena.

Faustin alikunywa bikombe bine. "Capita, hii inatoka wapi?" Nikasema balinitumia toka Kasomeno. "Huyu mama wa Kasomeno iko na mukono!" Nilifurahi kupita siku balinipa medali ya kazi. Hapana kwenda bar, hapana kuomba muntu. Kitu ya mikono yangu, mu nyumba yangu. Ninalala sawa mufalme.

Siku ya posho, 7 juillet

Mungu wangu. Niandike polepole.

Kisha kuchuja kulibakia masese, ile makapi ya pombe. Ndoo muzima. Nyumba sita ya musitari yetu iko na shimo moja ya takataka. Mapema sana nikaenda, nikamwanga yote kule, nikafunika na majivu. Majivu kidogo. Nilifikiri ni akili.

Mama Constance anaikala nyumba ya mwisho, karibu na shimo. Mujane. Bwana yake alikufa ku kazi ya usine. Iko na kuku tano na jogoo moja.

Saa mbili polisi babili banapita, sawa kila siku ya posho. Jogoo ya Constance iko katikati ya njia. Inafungua kinywa iwike — inaanguka! Inasimama, inaomba samahani, inaanguka tena. Nyuma yake kuku tano, moja nyuma ya ingine, banapepesuka sawa bamama banatoka ku arusi. Moja inakuja kuikala juu ya kiatu ya polisi. Musitari yote inacheka. Na miye. Miye njo nilicheka wa kwanza.

Kisha polisi moja, Kapya, akaacha kucheka. Akauliza: "Hii kuku ya nani?"

Na miye nikajibu: "Ya Mama Constance."

Miye! Kinywa yangu! Sikukuwa na ubaya. Muntu aliuliza, nikajibu, sawa ninavyojibu ku magazini wakati bananiuliza sanduku ya nani.

Myaka mbili yapita balimukamata Mama Constance na mutungi ya pombe. Aliweka kidole ku karatasi: mara ya pili, anafukuzwa mu cité. Toka ile siku anakaanga bitumbula tu, asubuhi, mu mafuta moto, musitari yote inakula. Leo bakaingia kwake. Mutungi ilikuwa na maji. Bakasema ameiosha. Bakamunyanganya karatasi yake ya kuikala hapa.

Hakulia. Akaenda ku shimo, akachukua kijiti, akachokora ile masese. Kisha akaangalia nyumba zetu, moja moja.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Sikuvaa biatu.

Siku ya Mungu, 8 juillet

Misa. Banc ya mbele. Sikupokea komunyo. Faustin akauliza pole pole: "Tumbo bado?" Nikasema bado.

Siku ya kwanza, 9 juillet

Balitoa neno: camion ya siku ya kwanza inayokuja. Batamurudisha Kongolo. Alitoka kule mu mugongo ya mama yake! Faustin alimusikia anauliza bantu ya bureau: kule nitapiga hodi kwa nani?

Pombe ingali nusu mutungi. Niliimwanga mu choo. Ilikuwa tamu bado.

Mangaribi hodi. Ni yeye, na sahani. "Baba Agnès, Mama Agnès hayuko, utakula nini?" Bitumbula ine, ya moto. Anafukuzwa, na anafikiri tumbo yangu!

Nilikula yote ine. Ilikuwa muzuri. Njo ubaya yake.

Siku ya tatu, 11 juillet

Siku mbili nilijiambia: labda batamusamehe. Labda bwana wa bureau, ule muzungu, ataugua. Muntu mukubwa na mvi, anaomba mwenzake augue.

Leo nilimurudishia sahani yake. Alikuwa anafunga masufuria mu shuka. Nikasema: Mama Constance, iko neno. Akasema: "Sema." Nikasema baridi ya mwaka huu ni kali. Akasema ndiyo, ni kali. Akafunga sufuria ingine.

Kisha akasema bila kuniangalia: "Baba Agnès, kimea yako uliitwanga mubaya. Mu masese kulikuwa mahindi muzima muzima. Mama mwenye kujua kazi hatupake mali vile. Nilipoiona tu, nikasema: huyu ni mwanaume. Na mwanaume mwenye bibi iko safari, mu musitari hii, ni moja."

Nikatamani nyumba iniangukie.

"Unajua toka siku ya posho? Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Ya kwamba capita wa magazini anapika pombe? Bangecheka mupaka Kinsevere. Bangesema: mama, uongo yako hata haina chumvi." Kisha akaniangalia, na sasa hakukuwa na muchezo. "Weye njo ulipashwa kusema."

Ndiyo. Miye.

Siku ya ine, 12 juillet

Nilivaa veste ya arusi na medali. Nikaenda ku bureau. Chef wa cité alikuwa pale, na Donat karani wake, na polisi Kapya ku mulango. Nikasema yote: gunia, kinu, foronya, shimo.

Donat akalaza kichwa ku meza. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Capita," Chef anasema, anapanguza macho, "sisi ni bantu bakubwa. Unamupenda ule mama. Sema tu."

Nikaapa. Akasema bantu banaapaka. Nikaonyesha malengelenge. Akasema capita lazima iko na malengelenge, anatumika. (Si kweli. Capita hana malengelenge. Lakini haikukuwa saa ya kubishana.)

Kapya akasema toka ku mulango: "Chef, apike."

Basi bakacheka tena, lakini neno ikabaki. Nipike. Siku ya kwanza asubuhi, mbele camion haijaondoka, nilete mutungi ku bureau, bwana wa bureau mwenyewe aonje. Ikiwa ni pombe, Mama Constance anabaki, na miye ninaingia prison. Na ku magazini, capita mwenye kutoka prison hakuna. Ikiwa ni uji, camion inakwenda. Na Kapya ataikala kwangu, mwanamuke asiguse hata mwiko.

Nikasema aksanti. Nani anashukuruka vile?

Siku ya tano, 13 juillet

Cité yote inajua. Haijui ukweli, inajua ingine: ya kwamba niko bwana ya Constance. Faustin ananiambia: "Kaka, ungechagua mwenye kupika mboga, hapana bitumbula tu!" Nikamuambia ile pombe ya Kasomeno ilikuwa yangu. Akacheka mupaka akaikala chini. Bikombe bine alikunywa, na hasadiki!

Iko bantu banapanda camion ya Kasomeno kesho. Virginie atasikia mbele sijamuandikia.

Nimepika. Kapya juu ya kiti ya Virginie, capote, koti ya serikali, mupaka masikio, bunduki kati ya magoti. Uji. Kopo ya kimea, ile ilibakia. Safari hii niliitwanga mupaka unga, Constance aone.

Constance alikuwa ku upande ingine ya lupango, ule ua yetu, anakaanga. Hawezi kunisemesha. Anasemesha kuku. "Weye jogoo, mbona unakimbilia moto? Ngoja ipoe! Tia kidole! Kidole ikivumilia, sasa ingia!" Nikatia kidole mu uji. Nilikuwa karibu kuharibu yote.

Kapya akasema: "Ule mama anapenda sana kuku yake."

"Sana," nikasema.

Siku ya posho, 14 juillet

Baridi. Asubuhi maji ya ndoo ilikuwa na ngozi ya barafu. Mutungi iko kimya. Ile ya kwanza, siku ya pili ilikwisha kusema.

Constance, kwa kuku: "Funikeni batoto yenu, baridi inaua!" Nikafunika mutungi na blanketi. Kisha na veste ya arusi. Kapya anaangalia.

Niliweka sikio. Hakuna.

Siku ya Mungu, 15 juillet

Niandike hii, kama siandiki leo sitaiandika tena.

Asubuhi nilifunua mutungi. Uji, tamu, baridi, hata povu moja hakuna. Na roho yangu ikafurahi. Kidogo tu. Ikasema: Stanislas, ulijaribu, bote baliona, hapana kosa yako, ni baridi. Kesho camion inaondoka, weye unarudi ku magazini, kisha mwezi moja bananyamaza. Nilisimama na kifuniko mu mukono, nikasikia furaha ile. Ilikuwa tamu kupita bière.

Kengele ya misa ilipiga. Sikuenda. Safari hii sikusema tumbo.

Niliwasha mbabula ya makala, nikaisogeza karibu na mutungi, lakini hapana karibu sana. Niliongeza shuka, na nguo ya Virginie ya Noëli. Nikakumbatia mutungi na mikono mbili, kifua na magoti, juu ya sakafu. Muntu ya banc ya mbele!

Kupita saa sita Constance alitoka na masufuria yake, akayapanga ku mulango. Sanduku moja. Kitanda balikwisha kuuzisha. Leo hakusemesha kuku. Aliikala juu ya sanduku, akaangalia mulango yangu. Ilikuwa wazi, Kapya anapenda jua. Tukaangaliana. Sikuinama.

Nikamuambia Kapya: haitachacha. Akasema baridi ni kali kweli. Nikasema: mama yangu alijuaka, miye sikusikiliza. Akasema mama yake naye alipikaka, kwao Luapula. Njo ilimulipia masomo. Aliisema sawa muntu anaungama.

Akasimama. Akaegemeza bunduki ku ukuta. Akavua ile capote ya serikali, nzito, na bifungo yake ya shaba, akaifunga juu ya mutungi, juu ya mikono yangu, mupaka ku shingo ya mutungi. Akarudi kuikala na shati tu, anatetemeka.

"Chef alisema mwanamuke asiguse," anasema. "Miye hapana mwanamuke."

Sasa ni saa kumi. Ninaandika na mukono moja, kitabu juu ya goti. Kapya amepiga magoti upande ule, sikio ku mutungi. Na miye upande huu. Constance amesimama, amekuja mupaka ku lupango.

Nikamuuliza Kapya: unasikia?

Anainua kidole. Ninyamaze —