Amina Sita kwa Dua Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila usinitaje, maana mimi ni mtu wa kukaa kona na kitabu changu, na pengine ndiyo sababu nilipewa kazi hii. Zamani kila asubuhi tulikwenda kwa Bibi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, atuombee dua, lakini watu wakawa wanachelewa kazini, basi dua ikahamia kwenye kundi la familia simuni, Bibi anatuma sauti ya dakika saba na kila mtu anaandika "Amina". Simu zetu zote hulala kwenye meza moja ya kuchajia, na siku moja baba akaniita kutoka bafuni, "Mwanangu, niwekee amina yangu, nina sabuni machoni," kesho yake mama naye, "Na yangu, nawahi," kisha shangazi, kisha kaka, kisha baba mdogo, na sasa ni mwezi wa nne naweka amina sita kabla dua haijafika hata dakika ya pili, na baba mdogo hunigombeza nikichelewesha yake, asije akaonekana hana imani.

Jumanne Bibi aliomba mvua, afya na huruma ya bosi wa baba, halafu dakika ya sita akasema, "Na ewe Mola, kama wanangu na wajukuu wangu wameridhia niolewe na yule fundi saa, waseme amina." Mimi nilikuwa nimebakiza kurasa mbili za sura, nikaweka zote sita. Nilikuja kuisikiliza jioni, baada ya Bibi kuandika, "Ahsanteni kwa kuridhia, mwisho wa mwezi namleta," na baba, bila kusoma, akajibu mwenyewe, "Amina." Baba hataki hata kumsikia fundi huyo tangu alipomtengenezea saa ya ukutani ikawa inarudi nyuma. Kisha Bibi akanipigia. "Mjukuu wangu, kidole hakijachoka?" Nikasema hakijachoka, akacheka, akakata. Nikisema ukweli Bibi atajua miezi minne ameiombea meza, nikinyamaza bwana harusi atabisha hodi. Nifanyeje?

Mweka Amina

*

Mwanangu, pole, na pia ujirekebishe. Watu wazima wamekutwika imani yao kama kapu la nguo chafu, hilo ni kosa lao, lakini kidole ni chako. Sasa isome upya barua yako, wewe msomaji. Amina sita ndani ya dakika mbili kwa dua ya dakika saba, na bibi anakuuliza habari za kidole. Ulidhani anaulizia kucha? Anajua siku nyingi. Huyo fundi saa huenda ni mchumba, huenda ni chambo. Kamuulize bibi mwenyewe, mimi fundi huyo simjui.

Kesho asubuhi usiguse simu ya mtu. Baba akiita, mwambie anawe uso aje. Waketishe wote, wafungulie dua ya Jumanne, sauti juu, na ufunguo wa mlango uwe mfukoni mwako mpaka dakika ya saba. Watafoka, waache wafoke, angalau watakuwa wamesikia. Dua ikiisha, wewe nenda nyumba ya tatu, ukiri, umwombe bibi aanze upya mbele yako. Kitabu kiache nyumbani. Sikiliza mpaka mwisho, kisha sema amina moja, kwa mdomo wako, na iwe tu kama umeridhia.