Kitana Katikati ya Meno

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kuku wako wameacha kukupigia kelele. Mimi sijambo, mabega tu yanauma kwa kusuka.

Uliuliza ahadi yangu inaendaje. Vibaya! Nimemwahidi Mungu sitasengenya tena, nami nafanya kazi saluni, ambako mteja huketi asukwe nywele na majirani wafumuliwe. Nikifungua mdomo kuomba mafuta, najikuta nimeshafika vyumbani kwa watu. Sasa nimebuni njia: nikianza kusuka, nabana kitana katikati ya meno. Wameniita Bubu. Mwenye saluni analalamika, "Bubu, wokovu wako utanifukuzia wateja!"

Niombee.

Binti wa kaka yako

15 Machi

Mwanangu Bubu,

Marahaba. Goti linauma wakati wa maombi tu, nadhani ni la shetani.

Nimecheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Kitana si kibaya, lakini kinaziba mdomo tu. Moyo hauna meno ya kukishika. Siku utakayokuwa na neno tamu, tena la kweli, na kitana kiko mezani, ndipo tutajua Mungu amefanya nini ndani yako. Omba kabla siku hiyo haijafika.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Hapa tunamshukuru Mungu.

Siku yenyewe imefika. Mwanamke mmoja aliingia wenzangu walipokwenda kula, akaniomba nifunge mlango. Alipovua kitambaa, niliona kitu ambacho mji mzima ungependa kukijua. Nilimhudumia taratibu, akajifunga kitambaa, akaondoka. Wenzangu wakapishana naye mlangoni.

"Bubu, ana nini yule?"

Kitana kilikuwa mezani. Shangazi, neno lilinijaa mdomoni kama chai ya moto: kumeza siwezi, kutema nataka. Nikatoka uani, nikalia, nikasema, "Bwana, huyu ni wako, na mimi ni wako." Nikarudi nikawaambia, "Kichwa chake ni kazi yangu, si yenu." Nilisuka hadi jioni nikiimba. Kitana sikukigusa!

Binti wa kaka yako

10 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kuku na goti hawajambo. Bwana asifiwe kwa ushindi!

Lakini ni nani? Usiniambie ni yule aliyekuzushia uongo mpaka uchumba wako ukavunjika. Kama ndiye, nina haki ya kujua, tulilia pamoja. Ana upara? Mimi si mtu wa saluni, mimi ni damu yako. Jibu upesi.

Shangazi yako

16 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili, maana najua utakasirika.

Sitakuambia. Sitasema ndiye, wala sitasema siye. Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga magoti, kwa hiyo kukunyima wewe kumekuwa kugumu kuliko kuinyima saluni nzima. Nakupenda. Usininunie sana.

Binti wa kaka yako

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Najua umekuwa ukingoja barua. Nilikuwa nimenuna.

Barua yako ilinikuta nimeshateleka maji ya chai, jirani amealikwa, habari iko tayari, imepungukiwa jina tu. Nikaisoma nimesimama. Nikasema, "Mtoto huyu ananifundisha mimi?" Nikakasirika, tena sana. Mwishowe nikapiga magoti juu ya goti hili hili la shetani, nikatubu. Lile neno nililokuandikia kuhusu moyo lilinihusu mimi.

Sasa sikia. Jana mtu alibisha hodi. Ni yule aliyekuzushia. Akavua kitambaa mlangoni bila kuulizwa. Ugonjwa umemnyoa vibaya, mwanangu. Akasema, "Mama, siri yangu ilikuwa kisu mkononi mwa binti yenu, na hakunichoma. Nimekuja kuomba radhi kwenu, kisha nakwenda kwake. Mwandikie, ajue nakuja." Nilikiwekea mikono kichwa kile, nikamwombea. Tukalia, tukaimba, akala akashiba. Mlango wako utakapobishwa, fungua.

Alipoondoka tu, jirani huyu hapa uani. "Mama, alitaka nini yule? Mbona wote macho mekundu?"

Nikaingia ndani, nikachukua kitana changu cha mbao, nikakibana katikati ya meno, nikatoka nikaendelea kufagia, nikiimba kwa pua.

Shangazi yako,
Bubu wa pili