Kinga ya Nyonga Niliyoipunguza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana siri hii imenikaa kooni kama mwiba. Mimi ni fundi katika karakana ya vifaa vya wagonjwa, naendesha mashine inayochapa plastiki laini tabaka juu ya tabaka, na kazi yangu ni kutengeneza kinga za nyonga za wazee, ndani zina vijumba kama sega la nyuki ili mzee akianguka vibonyee taratibu na kumeza kishindo kabla hakijafika mfupani, sasa mama mkwe wangu alikuwa ameshaanguka mara mbili nikamtengenezea zake, akazivaa siku moja tu akanivuta pembeni huku anacheka, "Mwanangu, mbona nzito hivi? Watu watadhani nimeiba mikate nikaificha kiunoni," nami kwa kumpenda nikapunguza unene wa kuta za vile vijumba, zikawa nyepesi, na wala sikuzijaribu kwa kuziangushia chuma kizito kama kazi inavyotaka, nilikuwa na haraka ya kumfurahisha. Siku ya kumi na moja akateleza bafuni. Vijumba vilibonyea mara moja kama karatasi, nyonga ikavunjika.

Hospitalini mume wangu akamfokea, "Mama, ubishi wako huo! Hukuzifunga vizuri." Mama akainamisha kichwa, "Kweli, nimejiponza mwenyewe." Nami nilisimama palepale na kikombe chake cha chai mkononi, nikamnywesha tu. Tena mwenzangu kazini, bila kujua, ametumia mchoro wangu uleule wa kuta nyembamba kuwachapia wazee wengine wanne. Nikisema, kazi sina na ukweni sina. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Majuto

Mkwe, pole. Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Nilikupigia siku ileile nikakukaripia, ukalia, kisha ukaenda kwa msimamizi wako. Nashukuru kinga zote nne zimerudi kabla mzee mwingine hajaanguka. Umesimamishwa kazi mwezi mzima. Vumilia, umejitakia.

Lakini kwa mama hujaenda, eti unatafuta wakati mzuri. Dada yangu, habari mbaya haina wakati mzuri. Kumpenda mzee si kumpa kila anachotaka. Ungemwambia, "Mama, uzito huu ndio kinga yenyewe," angenuna siku mbili akazivaa. Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Sasa mama wa watu amelala na mfupa uliovunjika, na juu yake umembebesha lawama yako. Mfupa wataunga madaktari. Lawama ni wewe tu wa kumtua.

Nenda kesho saa ya kuona wagonjwa, mumeo akiwepo, maana naye ana la kuomba radhi. Usianze na machozi, asije mgonjwa akawa ndiye anayekubembeleza. Mwambie alizifunga vizuri, kosa ni lako, na ulilifanyaje. Akikasirika, usijitetee. Akinyamaza, kaa naye hadi muda uishe. Na keshokutwa, hata kama hajakusamehe, rudi ukamwogeshe.