Mafundo ya Njiani

Kwako dada Veliane,

Huku hatujambo. Shule nimemaliza. Mama alioka mkate wa mbegu za mwaloni kunipongeza, ukaungua chini, tukaula hivyo hivyo.

Wiki iliyopita, asubuhi, waliingia msituni mwetu wanaume wenye mashoka, na hawakupotea. Walifuata mafundo ya nyasi ambayo Mfalme Aldureth huyafunga njiani ili sisi Waelfi peke yetu tuijue njia. Ndiyo yale niliyokuchorea kwenye barua, kwa kuwa ulisema umeyasahau na unataka kuja kumwona mama. Aliyewatangulia ni mumeo. Barua yangu ilimdondoka alipokimbia mishale yetu. Pembeni umemwandikia maelezo, kwa mwandiko wako.

Mialoni kumi na miwili imeanguka. Mfalme akatukusanya, akauliza ni nani aliyetoa siri ya mafundo. Unajua nisivyoweza kusema mbele za watu. Nilisema.

"Miaka mia tisa naulinda msitu huu," akasema, "leo unafunguliwa na katoto kasikothubutu hata kuamkia wageni!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitupia nyasi miguuni.

"Haya, binti. Wewe ndiye unayejua ulimfundisha nini dada yako. Yafunge upya, asiweze kuyasoma."

Nimefunga kwa siku tatu. Mama alinifuata nyuma njia nzima.

"Mwanangu, acha moja tu analolijua," alinisihi. "Atapitia wapi akitaka kurudi?"

Sikuliacha, dada.

Mdogo wako,
Isrel