Picha za Kambi Sikuzitoa, Deo

Mafiga, Morogoro
9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Deogratias,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza afya yako: kile kikohozi cha unyevu kimekuachia? Sisi huku wazima. Mkeo Brenda na mtoto wapo Kilakala, hawajambo. Masika yamekuwa makubwa, barabara ya Mgeta imekatika mara mbili, ila watu wanapita hivyo hivyo.

Barua hii nampa mwenzako Luqmani, anayerudi kikosini Jumatano likizo yake ikiisha. Haya sikutaka kuyaandika kwenye simu.

Ujumbe wako wa juzi, mliporudishiwa simu, umeniumiza. Mstari mmoja tu: "Dada, kumbe na wewe umenitupa." Acha nikueleze ilivyokuwa, kisha unihukumu.

Uliponitumia zile picha nilikuwa shuleni, nikakosa nguvu ya kuingia darasani. Askari wetu wamelala juu ya masanduku, maji yamefika magotini ndani ya hema. Ukanieleza kwamba makontena ya kulala mliyoahidiwa hayajafika kwa sababu nchi zinazofadhili hazijaleta fedha, na jenereta inawashwa saa mbili tu kwa siku. Lililonitisha zaidi ni amri. Jenerali wa kigeni anayeongoza misheni yenu ya kulinda amani anawataka mkalinde daraja bila gari la deraya, kanali wenu anasema msubiri, na ninyi hamjui mumtii nani. Ukaniagiza kwamba ukikaa kimya siku tatu, nimpe picha hizo Kelvin, yule mwandishi wa redio.

Ukakaa kimya siku tatu.

Siku ya nne asubuhi nilitoka kwenda kwa Kelvin. Moyo haukutulia, nikapitia kwanza kwa Mzee Mikidadi, jirani yetu aliyestaafu jeshi. Alizitazama picha moja moja, halafu akanionyesha kwa kidole mnara wa lindo, mapipa ya mafuta, na pale uzio ulipolazwa na maji. Akasema taratibu, "Mwalimu, hii ni ramani. Anayetaka kuwaua ataanzia hapa."

Nilikaa chini. Sikuwa nimeyaona hayo, na najua nawe hukuyaona. Ulikuwa umechoka.

Basi kwa Kelvin sikufika. Niliandika barua kwa makao makuu ya jeshi, maneno tu bila picha: mahema, maji, mafuta, na amri mbili zinazogongana. Mzee Mikidadi akanielekeza wa kumkabidhi, nikaipeleka mwenyewe.

Siku tano hakuna jibu. Baba alisikia uvumi sokoni Nyandira, akateremka na lori la kabichi. Hakuketi hata. Akauliza, "Mwanangu yu hai?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Sijui, baba."

Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sitaki kumwona hivyo tena.

Siku ya sita ofisa mmoja alinipigia. Mko hai, simu zenu zilikusanywa kwa amri, agizo la daraja limesitishwa mpaka magari yafike, na kambi inahamishiwa mwinukoni. Brenda alilia hadi sauti ikamkauka. Nilipomuuliza ofisa kuhusu makontena, akasema fedha bado.

Baba anakusalimu sana, na Brenda, na Mzee Mikidadi. Mungu akufunike wewe na wenzako wote, na kanali wenu pia, maana naye ana watu wanaomsubiri kwao.

La mwisho, na ulisome vizuri. Luqmani ananiambia mnahojiwa mmoja mmoja, nani alitoa habari nje. Picha nimezifuta zote. Ile barua nimeitia sahihi kwa jina langu kamili, namba ya simu, na shule ninayofundisha. Jina lako halimo. Kanali akikuita, usihangaike kumficha mtu. Mwambie ni dada yako, na akitaka kuniuliza lolote, anipigie.

Dada yako akupendaye,
Magdalena Fransisko