Nadhiri Aliyoniwekea Mama Mkwe

Pearland, Alhamisi, 3 Oktoba 2019

Joto limekataa kuisha. Nje jua linapiga kama bado ni Agosti, ambao huku ndio mwezi wa joto kali, na ndani kiyoyozi kimezimwa ili upepo wake usiizime taa ya Mataji, mungu wa kike wa ukoo wa mume wangu. Naandika huku jasho linanitiririka mgongoni, na bado nina furaha ya kijinga. Asubuhi Nilesh alinibusu mlangoni kabla ya kwenda kazini hospitalini. Alikuwa ameshafika kwenye gari, akarudi kunibusu tena.

Jamani, nampenda huyu mtu!

Tulioana Mwanza mwaka jana, nikabaki nyuma kungoja viza, nikafika huku ughaibuni Juni. Kwa hiyo hii ndiyo Navratri yetu ya kwanza pamoja, zile siku tisa za kumwabudu Mataji na kucheza garba, ngoma ya duara, usiku. Muda wote wa kungoja viza nilikuwa najiona ndani ya duara la wachezaji nimevaa sketi yangu nyekundu yenye vioo, Nilesh anakuja upande wangu na fimbo zake mbili, tunagonganisha, anapita, anarudi.

Leo ni siku ya tano. Sketi iko kwenye sanduku.

Mataji wao ni Khodiyar Ma, yule anayepanda mamba. Mtoto wa Mwanza kama mimi, mamba namjua kwa habari nyingine kabisa! Kwetu Wahindu msichana akiolewa humwacha mungu wa ukoo wa baba yake na kumpokea wa mumewe. Hilo nililijua tangu utotoni na sikuliona zito. Ambalo sikulijua ni hii taa. Inawashwa siku ya kwanza, haizimwi mpaka siku tisa ziishe, na muda wote huo nyumba haifungwi wala haiachwi bila mtu.

Mtu huyo ni mimi.

Kila jioni Nilesh anampeleka mama yake ukumbini kwenye garba, halafu ananipigia simu ya video nione wanavyocheza. Anadhani ananifurahisha. Natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jana nilimuuliza mama mkwe, ambaye sote tunamwita Ba, kwa nini tusipokezane. Alikuwa anasokota tambi za pamba. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha Tabora, taratibu, kama mtu anayenikabidhi zawadi. Kumbe miaka ile Nilesh alipokuwa akikataa kila msichana anayeletewa, Ba aliweka nadhiri: Mataji akimpa mwanawe mke mwema, mke huyo ataikalia taa kila Navratri, maisha yake yote.

"Ndipo nikakupata wewe, binti yangu," akasema, akanishika shavu kwa mkono wenye samli.

Nililia. Ba alidhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha kweli. Nani amewahi kuniomba kwa Mungu namna hiyo? Lakini nusu nyingine ilikuwa uchungu. Mimi ni jibu la maombi yake, na mimi ndiye malipo. Niliwekewa nadhiri kabla hata jina langu halijajulikana katika nyumba hii.

Nilipomwambia Nilesh, alisema, "Nitaongea naye." Hajaongea.

Sina ugomvi na Mataji. Nikimwongezea samli kwenye taa yake huwa namsimulia habari za Nilesh, naona kama ananisikiliza. Ninachoogopa ni hiki: nikikataa, halafu siku moja Nilesh augue hata mafua, nitajilaumu mimi kabla Ba hajanilaumu. Mlango hauna kufuli siku hizi zote, na bado siwezi kutoka.

Leo mchana tukila, nikajikaza.

"Ba, nadhiri uliweka kwa ajili ya nani?"

"Ya Nilesh, nani mwingine?"

"Basi Jumamosi yuko off. Akae yeye na taa, mimi na wewe twende tukacheze."

Akaniangalia. "We msichana! Yule atakaa aangalie mpira mpaka taa izimike."

"Tutamficha rimoti."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho. "Jumamosi moja," akasema. "Moja tu. Ukiipata hiyo, mwaka kesho na miaka yote usiniletee maneno tena. Umesikia?"

"Ndiyo, Ba," nikajibu, haraka, kwa furaha.

Nimeosha vyombo nikiimba. Nimemtumia Nilesh ujumbe wenye mioyo mingi, naye amenijibu kwa mioyo na uso ulioshtuka. Nitacheza! Hata bila yeye, nitacheza.

Ila tangu nikae hapa kuandika, naisikia ile "ndiyo" yangu. Mpaka leo asubuhi nadhiri ilikuwa ya Ba. Aliiweka peke yake, mimi sikuulizwa. Sasa nimeulizwa, na nimeitikia kwa kinywa changu.

Navratri ijayo nikitaka kukataa, nitamwambia nini?